Bibi Salme: Binti wa Sultani aliyevuka bahari na kalamu yake

NZAHAHA, RUSIZI – Katika soko la hapa Nzahaha yuko mama mmoja anayepeleka mchele wa Bugarama upande wa Kongo na kurudi na vitenge. Hamkopeshi mtu hata kilo moja kabla hajatoa daftari la shule mfukoni na kuandika jina, kiasi na siku ya kulipa. Wenzake humtania kwamba anaandika kuliko karani wa mahakama. Jibu lake ni methali ambayo kila mfanyabiashara anaijua: mali bila daftari hupotea bila habari.

Methali hiyo inamfaa sana mwanamke mmoja aliyezaliwa Zanzibar miaka 180 iliyopita. Alizaliwa na jina kubwa, akarithi fedha na mashamba, akayapoteza yote baada ya kuvuka bahari. Alichobaki nacho hadi kufa ni kitu ambacho hakurithi kwa mtu, nacho ni ujuzi wa kuandika alioupata kwa siri, kinyume cha desturi ya nyumba yao. Huyu ni Sayyida Salme binti Said, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Emily Ruete.

Msomaji wa Rusizi anaweza kuuliza, Zanzibar na sisi wapi na wapi? Maji yanayotoka Ziwa Kivu hushuka kwa mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika. Kwenye ufuko wa ziwa hilo, pale Ujiji, ndipo misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipopumzika katika karne ya 19, ikibeba nguo na shanga kuja bara, na kurudi Bagamoyo na Zanzibar na pembe za ndovu pamoja na watu waliotiwa utumwani. Lugha tunayopatania bei leo, kuanzia Bukavu hadi Bujumbura, ilipanda kwa njia hizo hizo. Na mpaka tunaouvuka kila asubuhi, kama tutakavyoona, una uhusiano na safari moja ya mama huyu.

Mtoni, nyumba ya lugha nyingi

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Zanzibar kwa pamoja. Ndiye aliyehamishia makao yake Unguja, akasukuma kilimo cha karafuu, na kufunga mikataba ya biashara na mataifa ya mbali. Mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, kiwango ambacho mfanyabiashara wa leo angekipokea kwa vigelegele.

Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia, nchi ya milima iliyo karibu na Bahari Nyeusi. Alichukuliwa mateka akiwa mtoto na kufikishwa katika nyumba ya Sultani. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria ni mtoto halali wa baba yake, na kwa hiyo Salme alikuwa bintimfalme kamili ingawa mama yake aliingia nyumbani humo bila hiari.

Mtoni palikuwa kama mji mdogo. Waliishi humo masuria, watoto, watumishi na watumwa kutoka pande nyingi za dunia. Mbele ya Sayyid kilitakiwa Kiarabu, lakini akigeuka tu, ua mzima ulijaa Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na lugha nyingine. Jioni Sayyid aliketi kwenye baraza ya mviringo iliyoelekea bahari, akinywa kahawa na watu wake. Salme alikulia katika mazungumzo hayo, akisikiliza habari za meli, bei, ndoa na vita.

Alipofika umri wa miaka 7 alihamia mjini na mama yake kwenye nyumba ya kaka yake Majid. Huko alijifunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Kuhusu elimu, desturi ilikuwa wazi. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, basi. Kuandika kulihesabiwa kuwa jambo lisilomfaa mwanamke. Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumiwa na watoto kama ubao, akafungua msahafu na kuanza kunakili herufi moja moja mpaka mkono ukazoea. Habari zilipojulikana watu walimsema, lakini ujuzi ukishaingia mkononi hauondolewi.

Kalamu iliyomponza

Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini akitoka Oman kurudi Zanzibar. Aliacha watoto 36 walio hai, na ufalme uliogawanyika vipande viwili. Thuwaini alishika Oman, Majid akashika Zanzibar. Salme alikuwa na miaka 12. Alitangazwa kuwa mtu mzima kisheria na kupewa sehemu yake ya urithi, fedha pamoja na shamba lenye nyumba. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kilimchukua mama yake.

Akabaki na dada yake Khole, ambaye alimpenda mno. Khole alikuwa upande wa kaka yao mwingine, Barghash, kijana aliyetaka kumng'oa Majid kwenye kiti. Mwaka 1859 njama zilipoiva, wapanga njama walihitaji mtu wa kuandika barua kwa machifu na wenye silaha, mtu wa ndani asiyeweza kutoa siri. Nani katika ukoo alijua kuandika na asingeshukiwa? Binti wa miaka 15. Salme akawa katibu wa uasi dhidi ya kaka aliyemlea.

Majid aliizingira nyumba ya Barghash. Dada zake waliingia humo, wakamvika Barghash mavazi ya kike na kumtoa katikati yao mbele ya askari waliolinda mlango. Alikimbilia shamba lililoitwa Marseilles, lakini majeshi ya Majid yakisaidiwa na wanamaji wa Uingereza yalivunja uasi huo. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay. Salme hakufungwa, ila mji ulimpa kisogo. Alijitenga kwenye mashamba yake, kwanza Kizimbani, kisha Bububu karibu na bahari.

Baadaye Majid alimsamehe, akarudi mjini. Hapo likatokea jipya. Khole na wafuasi wa Barghash walimwona msaliti kwa sababu amepatana na Majid. Akiwa bado na umri wa miaka ishirini hivi, alikuwa amepoteza wazazi wote, na ukoo uliobaki ulikuwa kambi mbili ambazo hakuna hata moja iliyomwamini sawasawa.

Jirani kutoka Hamburg

Wakati huo wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nguvu Zanzibar. Mkataba wao na Majid ulikuwa wa mwaka 1859. Walinunua pembe, karafuu, na pia kauri, zile simbi za baharini walizozipakia melini kwenda Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Ni biashara ya ajabu: takataka za ufukweni huku, sarafu halali kule. Mmoja wa watu hao alikuwa Heinrich Ruete, wakala wa kampuni ya Hansing, aliyepanga nyumba iliyopakana na ya Salme.

Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, na dari zake zinatazamana. Walianza kwa salamu, yakafuata mazungumzo, na mwisho mapenzi. Mwaka 1866 Salme akapata mimba. Bintimfalme Mwislamu ambaye hajaolewa, na baba wa mtoto ni Mkristo: adhabu ingeweza kuwa kifo. Usiku mmoja wa Agosti 1866 alitorokea ndani ya manowari ya Uingereza, Highflyer, iliyompeleka Aden. Ruete alibaki nyuma miezi kadhaa kumaliza hesabu za biashara, na hakudhuriwa.

Aden alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alifika, Salme akabatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Kisha wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto wao wa kwanza alifia njiani, kabla hawajafika Hamburg.

Jijini Hamburg alilazimika kuanza upya kama mtoto mchanga. Hakujua Kijerumani. Baridi, chakula, viatu, milango iliyofungwa mchana kutwa, watu wanaopita bila kusalimiana, vyote vilimchosha. Watu walikuja kumtazama kama kitu cha maonyesho. Walipata watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie. Kisha Agosti 1870 mumewe alianguka alipokuwa akishuka kwenye tramu ya farasi, akafariki kwa majeraha. Mtoto wa mwisho alikuwa na miezi mitatu. Salme alikuwa mjane kabla hajatimiza miaka 26.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo wajane wengi wa kwetu wanalijua. Kwa sheria ya Hamburg ya wakati ule, mwanamke hakuachiwa kusimamia mali peke yake. Waliwekwa wasimamizi wanaume. Fedha zilipungua. Binti wa Sultani aliyewahi kuwa na shamba lake mwenyewe akiwa na miaka 12 sasa aliomba ruhusa kwa wageni ili atumie kilicho chake. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin na kwingineko. Nyumba za wakubwa zilimkaribisha kwa sababu ya jina lake, akakaa kwenye vyumba vyao vya mazungumzo pamoja na mabaroni na mabibi zao. Akirudi kwake alihesabu sarafu za kununua kuni. Kilichomwingizia kipato kilikuwa kufundisha Kiarabu, kusoma na kuandika.

Karata katika mchezo wa wakubwa

Majid alifariki mwaka huo huo wa 1870, na Barghash akawa Sultani. Salme aliamini kwamba ana haki ya kudai mirathi yake kwa ndugu waliofariki. Barghash alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni ya sheria, kwamba aliyeacha Uislamu harithi kwa Waislamu. Ya pili ni ya moyo, kwani hakumsamehe kwa kupatana na Majid wala kwa kutoroka.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alikwenda huko akitaka kuonana naye uso kwa uso. Waingereza, waliohitaji mgeni wao afurahi, walimzuia. Sir Bartle Frere alimwahidi kwamba wakimwona ametulia, watasaidia malezi ya watoto wake. Alitulia. Sultani aliondoka, na ahadi ikayeyuka.

Miaka kumi baadaye zamu ilikuwa ya Wajerumani. Mkutano wa Berlin ulikuwa umemalizika Februari 1885. Ujerumani ilidai nchi kubwa bara ya pwani, na Barghash alipinga. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake na kuelekeza mizinga. Salme naye aliletwa Zanzibar pamoja na watoto wake, ndani ya meli iliyoitwa Adler. Kansela Bismarck alikuwa na hesabu rahisi. Huyu ni raia wa Ujerumani, na mwanawe ni mpwa wa Sultani. Madai yake ya mirathi yangeweza kuwa sababu ya kumbana Barghash, na kama angeguswa na mtu, sababu ingekuwa kubwa zaidi.

Watu wa mjini walimfuata mitaani wakimsalimu kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa ameisikia ikizungumzwa na umati kwa miaka 19. Lakini mlango wa kaka yake haukufunguka. Barghash alikubali matakwa ya Ujerumani kuhusu ardhi ya bara. Wajerumani walipopata walichotaka, madai ya Salme hayakuwa na kazi tena. Meli ziling'oa nanga na yeye akiwa ndani, mikono mitupu.

Hapa ndipo habari yake inapofika Rusizi. Kutokana na ushindi ule, Ujerumani ilisogea kutoka pwani hadi maziwa makuu. Mwishoni mwa karne ya 19 askari wake walikuwa wameweka kambi Shangi, kando ya Ziwa Kivu, si mbali na hapa. Mwaka 1910, mjini Brussels, Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikubaliana mipaka, na Rusizi ukawa mstari kati ya Kongo na nchi za Wajerumani. Ndugu waliokuwa wakivuka mto kwenda kuposa na kuuza mbuzi wakaambiwa kuwa wanatoka nchi moja kwenda nyingine. Salme hakuuchora mpaka huo, wala hakuulizwa. Lakini alikuwa karata mojawapo iliyotupwa mezani mchezo ulipoanza.

Kitabu, pamoja na doa lake

Mwaka 1886, mwaka mmoja baada ya aibu ile, kitabu chake kilichapishwa Berlin kwa Kijerumani: kumbukumbu za bintimfalme wa Kiarabu. Mwaka 1888 kilitoka kwa Kiingereza. Kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa ambamo mwanamke wa Kiarabu ameandika maisha yake mwenyewe. Wazungu wengi walikuwa wameandika kuhusu nyumba za masultani bila kuingia hata ukumbini. Yeye aliandika akiwa mtu wa ndani, akaeleza chakula, mavazi, elimu, ndoa, ugonjwa, sikukuu na ugomvi wa ndugu. Wanahistoria wa Zanzibar hadi leo hawawezi kuuandika wakati ule bila kupita kwake. Aliacha pia maandishi marefu kwa mtindo wa barua kuhusu maisha yake Ujerumani, yaliyochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake.

Si haki kumsifu bila kusema na hili. Katika kitabu hicho alitetea utumwa. Alidai kwamba Wazungu hawauelewi, kwamba wa Mashariki haukuwa kama wa Amerika, na aliwasema watu weusi kwa dharau. Karafuu zilizomlisha zilichumwa na watumwa, na baadhi yao walitoka kwenye bara letu, kwa njia zile zile za Ujiji. Mwanamke aliyejua vizuri uchungu wa kuamuliwa maisha na wengine hakuutambua uchungu huo kwa waliombebea maji. Jiji la Hamburg lilikipa kiwanja kimoja jina lake mwaka 2019, kisha likaamua kuliondoa kwa sababu ya maandishi hayo. Mjini Zanzibar bado anakumbukwa, na jumba la makumbusho la Beit al-Sahel lina chumba chenye habari zake. Yote mawili ni sehemu ya hesabu yake, na hesabu huandikwa pande zote mbili.

Mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, alirudi Zanzibar kujaribu kwa Sultani mpya, ndugu yake Khalifa. Hakupata kitu. Hakurudi Ujerumani moja kwa moja. Aliishi Jaffa, kisha Beirut, mahali ambapo alisikia Kiarabu na adhana tena, hadi mwaka 1914. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Amezikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na ukoo wa mumewe. Inasimuliwa kwamba kati ya vitu alivyovitunza maisha yake yote ulikuwemo mfuko mdogo wa mchanga wa ufuko wa Zanzibar.

Kwa wanaovuka leo

Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Kwa karatasi, mto Rusizi sasa uko ndani ya jumuiya moja. Kila mwenye mzigo kichwani anajua kwamba karatasi na njia si kitu kimoja, na kwamba mpaka unaweza kufunguka asubuhi na kufungwa jioni kwa sababu zisizomhusu.

Maisha ya Salme yanamwachia mfanyabiashara mambo mawili. La kwanza, anayekubebea madai yako ana mzigo wake mwenyewe. Waingereza walimnyamazisha, Wajerumani wakampaza sauti, na wote walifanya hivyo kwa faida yao. Kabla hujampa mtu mwingine haki yako akuvushie, muulize yeye anakwenda kuchukua nini ng'ambo.

La pili ni lile la daftari. Shamba lilikwenda, fedha zilikwenda, ndugu walikwenda. Herufi alizojifunza kwenye mfupa wa ngamia zilimlisha ujanani mwa ujane wake, na ndizo zilizofanya ajulikane hadi leo, kwa mazuri na kwa mabaya, kwa maneno yake mwenyewe. Ndugu zake wengi walikufa matajiri, na leo tunawajua kwa sababu yeye aliwaandika.

Yule mama wa Nzahaha hajawahi kusikia habari za Salme. Nilipomsimulia alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama yule kaka alikuja kulipa. Nilipomjibu kwamba hakulipa, alitikisa kichwa, akafungua daftari lake na kuendelea kumwandika mteja aliyekuwa akisubiri.